Sitaki ya Kibibi

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali kiasi cha kusahaulika, mgeni mmoja aliingia mji wa pwani na daftari. Alitafuta majina ya mambo ya moyoni ambayo Kiingereza chake kimeshindwa kuyaita. Binti mmoja, Kibibi, akaketi naye mwezi mzima. Akampa kinyongo, akampa jitimai, akampa kijicho, kila neno na mfano wake. Riziki, shoga yake wa tangu utotoni, ndiye aliyefasiri.

Siku ya mwisho mgeni akatoa karatasi. Ilikuwa nafasi moja ya kwenda kusoma kwao, na ni ya Kibibi, akiitaka.

Sasa, kwa watu wale, binti akipewa kitu kikubwa hukataa kwanza. Hungoja abembelezwe mara ya pili, hata ya tatu. Anayepokea papo hapo huitwa mlafi. Kibibi akainamisha kichwa, akatafuna ncha ya kanga, akasema hataki. Jicho liko kwenye karatasi.

Riziki akafasiri: "Anasema hataki."

Basi. Hakuongeza neno. Mgeni akasikitika, akamuuliza Riziki kama yeye angependa. Riziki hakukataa hata mara moja. Tuendelee, lakini mimi hapo nimeshaanza kushuku.

Mama yake Kibibi akasema kutoka jikoni, "Kisebusebu hicho, na kiroho papo."

Mgeni akauliza maana. Riziki, wino wa jina lake ukiwa umeshakauka kwenye karatasi ile, akaeleza vizuri kabisa: ni kukataa kitu huku moyo unakililia. Mgeni akafurahi, akaliandika neno daftarini. Karatasi hakuigusa.

Kibibi akashtaki kwa liwali. "Maneno ni yangu. Nilikataa kama yeye Riziki anavyokataa chai kwetu kila siku, na kila siku anainywa. Alijua."

Riziki akajibu, "Niliitwa nifasiri ulimi, si moyo. Ningesema anataka, leo ningeshtakiwa kwa uwongo."

Mgeni naye akasema kwao msichana akisema hapana, ni hapana. "Ningemng'ang'ania, mngeniitaje?"

Liwali akakuna ndevu. Akasema karatasi inabeba jina moja tu, na safari ni kesho asubuhi.

Mimi namshuku kila mmoja wao, na huyo liwali anayekuna ndevu namshuku zaidi. Haya, nyinyi mnaotazamana, kalamu hii hapa. Je, nani alistahili kwenda?