Mikia ya Viluwiluwi wa Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na uchovu kama wetu sisi, aliishi chura mmoja akiitwa Bi Kidawa. Sogeeni, wanangu, ila msinikalie miguu. Nimesimama tangu asubuhi, na nasimulia mara moja tu.

Mwaka huo mto ulikauka. Bi Kidawa alitafuta maji hadi akayapata nyuma ya nyumba ya Bwana Fisi, katika bwawa dogo lililozungushiwa ukuta wa matope. Akaruka ukuta, akataga mayai yake humo. Yalipoanguliwa, bwawa likajaa viluwiluwi weusi, vichwa na mikia tu.

Fisi, mtu wa nyikani asiyejua mambo ya maji, akachungulia.

"Lahaula! Visamaki!" akalamba midomo. "Binti yangu anaolewa. Wakwe watakula visamaki vya kukaanga!"

Bi Kidawa alikuwa pale pale ukingoni, akasikia yote. Angesema ni wanawe, wangeliwa papo hapo, naye pia. Akajifanya mpita njia.

"Wewe utanilishia," Fisi akamwambia. "Wakitoroka, nakukaanga wewe."

"Sawa, Bwana. Ila chakula ulete wewe. Wakikosa, watatafunana."

Fisi akaleta pumba za mahindi, mchicha wa kuchemsha na dagaa wa kusaga. Bi Kidawa akawapa kidogo, wakamaliza, akawapa tena kidogo. Kisha akafagia mabaki, akamwaga maji machafu, akachota masafi. Kesho yake vilevile. Mgongo ulimuuma, na macho, ambayo yalikuwa yametoka tangu azaliwe, yakazidi kutoka.

"Msiniite mama," aliwanong'oneza. "Ukuta una masikio."

Siku moja usingizi ukampitia. Fisi akaona visamaki vyake vinakua polepole mno, akamwaga debe zima la pumba, pwaaa!

"Kuleni! Neneeni upesi!"

Pumba zikachacha, maji yakanuka. Bi Kidawa alipozinduka, baadhi ya wanawe walikuwa wanaelea, matumbo juu. Akachota maji mpaka mikono ikafa ganzi. Alilia huku anachota, maana aliyelowa hakuna anayemjua kuwa analia.

"Debe lako limewaua hawa, Bwana. Kama unataka wakwe wale, kulisha niachie mimi."

Fisi akaona haya kidogo. Kidogo tu.

Waliobaki wakanenepa, wakaota miguu ya nyuma.

"He! Samaki gani ana miguu?"

"Samaki umesema wewe, Bwana. Mimi nalisha tu."

"Basi miguu si ndiyo mapaja? Nyama imeongezeka! He he heee!"

Halafu ikatoka miguu ya mbele, na viluwiluwi wakagoma kula. Pumba zikaelea, hakuna anayezigusa. Wakaanza kukonda. Fisi akaja mbio na kikaango mkononi.

"Wanakonda! Nawakaanga leo, kabla hawajaisha!"

Bi Kidawa alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hofu ilichelewa kumfikia. Ilipofika, akili ilikuwa imeshatangulia.

"Kaanga," akasema. "Ila wakwe wakiuliza kwa nini hawajakamilika, utawajibu mwenyewe."

"Hawajakamilika vipi?"

"Unadhani wameacha kula? Wanakula mikia yao, kwa ndani. Tazama, juzi ilikuwa mirefu. Umewahi kumwandalia mkwe chakula ambacho hakijawa tayari?"

Fisi akashusha kikaango. Kumwandalia mkwe chakula nusu! Aibu hiyo ingemfuata hadi kwa wajukuu.

"Mkia ukiisha?"

"Ukiisha, wamekamilika. Nawe panga mawe, ngazi ngazi, kutoka majini hadi juu ya ukuta. Wakati huo wanavuta hewa. Wakikosa pa kupanda, watazama."

"Samaki azame?"

"Nimekwambia, samaki ni neno lako."

Fisi akacheka, akaenda kubeba mawe. Akahema, puh! puh!, akayapanga mwenyewe, moja baada ya jingine.

Siku ya harusi wakwe wakafika na kanzu zao nyeupe. Mafuta yakachemka. Fisi akawaongoza bwawani kwa madaha.

"Karibuni, wakwe zangu, muone nilivyofuga!"

Juu ya mawe wameketi vyura wadogo, na hakuna hata mmoja mwenye mkia. Bi Kidawa akasema neno moja:

"Haya."

Chupu! Chupu! Chupu! Wakapanda mawe, wakavuka ukuta, wakapita katikati ya kanzu na kutokomea majanini. Mkwe mkubwa akapiga yowe, akateleza, chubwi! ndani ya bwawa.

"Umenidanganya!" Fisi akanguruma.

"Neno gani nililosema halikuwa kweli?" akauliza Bi Kidawa kutoka juu ya ukuta.

Wakwe wote walikuwa wanamtazama yeye na kikaango chake kitupu. Bi Kidawa akaruka, akaenda zake.

Mvua zilikuwa zimerudi na mto ulikuwa na maji. Bi Kidawa akajitupa chini ya jani la yungiyungi, hana hamu hata ya kushangilia. Mtoto mmoja akamsogelea. Akatazama kwanza huku na huku, kama alivyozoea.

"Mama?"

Bi Kidawa hakuwa amewahi kuitwa hivyo.

"Naam, mwanangu."

"Njaa inauma. Sasa tunakula nini?"

Bi Kidawa akafumba macho.

"Nzi wapo. Kamateni wenyewe."

Nami nimefika mwisho. Aliyefurahi aniletee maji ya kuloweka miguu, na aliyenuna alete vilevile. Mwenye tamaa hulisha watoto wa mwenzake akidhani analisha tumbo lake.