Chungu cha Mkuyu wa Eliwaza

Palikuwa na mwanamke wa milima ya Upare, jina lake Eliwaza, aliyekuwa na mkuyu usiozidi urefu wa mkono. Mikuyu mingine ilisimama kando ya mito na kupasua miamba. Wake ulikaa uani ndani ya chungu, shina nene, majani madogo, na wapita njia walisimama kuushangaa.

Eliwaza aliishi na mdogo wake, Nakunda, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Alimlea vizuri, hilo tusimnyime. Alimlisha, alimvika, alimuuguza. Ila mtu akimuuliza Nakunda jambo, Eliwaza ndiye aliyejibu. Na Nakunda akianza kusema, dada yake alimalizia. Mwishowe msichana alizoea. Hata ukimuuliza kama amekula, angekuambia, "Muulize dada."

Nakunda alikuwa mfinyanzi. Kila baada ya miaka miwili mizizi ya mkuyu ilijaa na kukipasua chungu, na kila mara Eliwaza alimwagiza kingine cha kipimo kilekile: kipana, kifupi kama bakuli, chenye tundu chini la kutolea maji. Mvua za kwanza zikikaribia, aliuchomoa mti, akaichambua mizizi kwa kijiti, akaikata theluthi kwa mkasi, akaupanda upya. Mti ulinyauka wiki mbili, kisha ukachipua. Eliwaza aliuita mti mtiifu.

Nakunda alipotimiza miaka ishirini na minne, wafinyanzi wa kijiji cha ng'ambo walimwita akafanye kazi nao, awe na tanuri lake mwenyewe. Hakumwambia dada yake neno. Mwaka ule alifinyanga chungu kirefu kinachofika gotini, chungu ambacho mti ungeweza kunyoosha miguu ndani yake. Akakiweka mbele ya Eliwaza na kurudi nyuma hatua moja.

Eliwaza alikuwa amekwisha kusikia habari za wafinyanzi. Kitu kilimchoma kifuani, naye akadhani ni huruma.

"Humo utapotea, mdogo wangu," alisema.

Akachukua mkasi. Mwaka ule alikata mizizi mingi kuliko miaka yote, kisha akaurudisha mkuyu katika chungu cha akiba cha kipimo cha zamani. Kile kirefu kilipelekwa nyuma ya nyumba, na kuku akatagia humo. Wafinyanzi wa ng'ambo walingoja msimu mmoja, wakamchukua mtu mwingine.

Miaka tisa ilipita. Eliwaza akapatwa na kiharusi. Mdomo ukapinda, ulimi ukafa. Mwezi haukuisha, Kajiru, baba yao mdogo, akaitisha kikao cha ukoo. Alidai kwamba mpaka wa shamba lao na lake ulikuwa mfereji, wala si ule mstari wa masale, mimea inayopandwa mipakani. Akishinda, upande wenye migomba na maji ungekuwa wake. Masale hayo Nakunda aliyapanda kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa mtoto, baba yao akimwonyesha pa kuchimba, na Kajiru akiwa amesimama palepale akikubali. Waliokuwapo siku ile na ambao bado walikuwa hai walikuwa wawili tu, yeye na Kajiru. Angesimulia hivyo tu, kikao kingekwisha.

Eliwaza aliletwa kwa kiti, akawekwa uani, kando ya mkuyu wake. Alimkazia macho mdogo wake. Macho yalikuwa yakimsihi: sema, mdogo wangu, sema.

"Haya, Nakunda, mwanangu," Kajiru alisema kwa sauti ya upole, "wewe unasemaje?"

Nakunda alifumbua kinywa. Alitazama masale kule shambani, akatazama mikono yake, kisha akageuka kwenye kiti kile.

"Muulizeni dada."

Mtu mmoja alicheka. Wengine waliinamisha vichwa. Kajiru hakungoja tena. Aliagiza majembe, na kabla ya saa saba masale yalikuwa yamelala chini, mizizi juu.

Watu walipotawanyika, Nakunda aliingia ndani na kufunga mlango. Hakuna aliyemwambia amwondoe dada yake juani, kwa hiyo hakumwondoa. Jua lilimfikia Eliwaza usoni. Mkuyu ulikuwa pale pembeni, wenye umri wa kuweza kufunika ua mzima, na kivuli chake hakikufunika hata unyayo wa Eliwaza.

Aliyekata mizizi maisha yake yote, jua likimchoma, aombe kivuli kwa nani?