Atakayempakia Esha

Sogeeni karibu. Hadithi yenyewe ni fupi, lakini kesi yake imenishinda, ndiyo maana nawaletea ninyi.

Pale Tunduru walikuwepo mafundi watatu. Kazembe alichonga mipini ya majembe, na vidole vyake vilihisi mkwaruzo ambao macho yake hayakuuona. Bi Somoe alitia rangi ukindu wa mikeka. Ukimwonyesha rangi asubuhi, jioni anakuchanganyia ileile. Ligomba aliandika mabango ya maduka, na mkono wake haukujua kutetemeka wala haraka. Wote watatu waliendesha pikipiki, na kila mmoja alijiona dereva kuliko wenzake.

Mzee Likwata alikuwa amemwahidi binti yake, Esha: siku ya harusi yako nitakupakia mwenyewe kwenye pikipiki yangu nyekundu. Akafariki kabla ya siku hiyo. Pikipiki ikabaki bandani, injini nzima, lakini fremu imebanduka rangi na kutu imeanza kuila. Siku nne kabla ya harusi, baba mdogo wa Esha aliitazama akakunja uso.

“Bibi harusi wetu hapandi kitu chenye ukurutu,” alisema. “Ikiwa hivi mpaka Jumamosi, atapanda gari.”

Esha hakubishana na mkubwa wake. Alikwenda kwa mafundi.

“Nataka kupelekwa na baba,” aliwaambia. “Nisaidieni.”

Kazembe ndiye aliyeanza. Alipiga msasa kila palipobanduka mpaka chuma kikang'aa. Chini ya tangi, kidole chake kikagusa mikwaruzo iliyonyooka mno. Akafumba macho, akaifuata: E, S, H, A. Hakujua nani aliiandika, ila msasa aliuweka chini. Kutu iliyokuwa ndani ya herufi aliitoa kwa ncha ya njiti, nusu siku nzima, mpaka shingo ikamkakamaa.

Bi Somoe akafuata. Dukani walimpa mkebe wa rangi nyekundu. Alipaka tone kwenye kibati, akakisogeza kwenye fremu, akacheka.

“Hii nyekundu imezaliwa jana,” alisema. “Ile imepigwa jua miaka kumi na tano.”

Akatia kahawia, akatia nyeusi kidogo, na kila jaribio aliliacha likauke kwanza, kwa sababu rangi ikikauka hubadilika. Jaribio la tisa lilipowekwa kwenye fremu, hata yeye alilitafuta asilione.

Ligomba akamalizia. Alifuta mafuta kwa thina, akapaka rangi ya msingi, kisha rangi ya Bi Somoe, nyembamba nyembamba, akisubiri kila tabaka likauke. Brashi yake ndogo ilipita kandokando ya herufi bila kuzijaza. Ijumaa baba mdogo akaja juu.

“Ziba hayo makovu, paka mara moja nzito, tumalize.”

“Nzito itachuruzika, mzee wangu,” Ligomba alimjibu. “Na hilo si kovu. Ni jina.”

Jumamosi asubuhi Esha alipitisha mkono kwenye fremu, akakosa kiraka hata kimoja. Kisha kidole kikaangukia jina lake.

“Niliandika kwa msumari, nikiwa darasa la kwanza,” alisema. “Baba hakunichapa. Alisema, sasa pikipiki ina mwenyewe. Nilidhani limeliwa na kutu.”

Akalia. Baba mdogo akageukia ukutani, na gari likarudishwa lilikotoka.

Esha alipojifuta machozi, akautoa ufunguo. “Aliyenirudishia baba ndiye atakayekaa mahali pake,” alisema. “Ni nani?”

“Bila kidole changu, jina lingesagwa pamoja na kutu,” Kazembe alisema.

“Lingebaki katikati ya viraka,” Bi Somoe alisema, “na wewe ungekuwa ndani ya gari.”

“Mkono mwingine ungelifukia kwa rangi hiyohiyo nzuri,” Ligomba alisema.

Esha akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyesema uongo. Lakini dereva hukaa mmoja tu, na kwa bwana harusi ngoma zilishaanza kulia.

Mimi nikiamka huwa upande wa Kazembe. Nikimaliza chai nimehamia kwa Bi Somoe, na ikifika adhuhuri namwonea Ligomba huruma. Basi niamulieni ninyi: ufunguo wa mzee Likwata, mngeuweka kwenye kiganja cha nani?