Mvungu wa Mama Mkwe

Wahenga walituambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maneno hayo ni matamu, na mtu yeyote mwenye kiuno kizima anaweza kuyatimiza. Walichosahau wahenga wetu ni kutueleza afanyeje mtu ikiwa mvungu wenyewe ni wa kitanda cha mama mkwe wake. Hapo ndipo Gershom Mwarandu alipokwama kama mwiba wa samaki kooni.

Gershom alikuwa mpishi katika kambi ya askari kule Mkomani wakati wa vita. Alikuwa mrefu, mkavu, amenyooka kama mlingoti, na shati lake jeupe lilitiwa wanga hata ungedhani linaweza kusimama peke yake. Shingo yake haikujua kuinama ila juu ya sufuria. Vita vilipokwisha, askari walirudi kwao, wakaacha nyuma masanduku matupu, vigae vya sahani na mbwa mmoja.

Mbwa huyo aliitwa Baruti, jina alilopewa na watu waliopenda mzaha, kwa maana hapakuwa na kiumbe aliyeogopa mshindo kama yeye. Mizinga ya mazoezi ilikuwa imemvunja moyo. Nazi ikianguka, aliruka. Mtu akipiga chafya, aliingia chini ya meza. Kila jioni Gershom alisimama mlangoni pa jiko akamrushia minofu iliyobaki kwenye sahani za maofisa, naye Baruti akaila baada ya Gershom kumpa kisogo. Kwa hesabu ya Gershom, huo ulikuwa urafiki mkubwa.

Kambi ilipokuwa inafungwa, amri ilitoka kwamba mbwa asiye na mwenyewe apigwe risasi. Gershom akajikuta amesema, "Huyu ni wangu." Ulimi hauna mfupa! Kazi mpya aliyoipata ilikuwa Changamwe, kwa bwana mmoja ambaye mkewe alifuga paka watatu, na chumba chake Gershom na mkewe Mapenzi kilikuwa nyuma ya nyumba hiyohiyo. Mbwa hangeweza kukanyaga hapo. Ilibidi atafutiwe kwao kwingine, tena kwa mtu mwenye subira.

Alianza kwa Hadi, mwenye duka la Kisauni, aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi.

"Wallahi ndugu yangu, namwonea huruma," Hadi alisema huku akikusanya kanzu yake taratibu. "Lakini mimi mtu wa kuswali. Kila akinilamba nioshe mara saba, je, duka nitauza saa ngapi?"

Wakacheka, wakaagana kwa wema. Kutoka hapo akaenda kwa Ngowa, mlinzi wa shamba la minazi. Ngowa hakuuliza habari za mbwa. Alichukua debe, akaligonga kwa fimbo kando ya sikio la Baruti, eti anamjaribu roho. Baruti alitimka, akamburura Gershom katikati ya mihogo hadi ng'ambo ya shamba.

"Mlete tu!" Ngowa alipiga kelele akicheka. "Nitamfunga mnazini nimtie fimbo. Mbwa hufunzwa!"

Gershom alijipangusa suruali, akaondoka na mbwa wake. Jioni hiyo Mapenzi ndiye aliyempa shauri. "Mpeleke Utange kwa mama. Mwanamke aliyemlea kaka yangu Kahindi hashindwi kulea mnyama yeyote."

Basi Jumapili wakaenda Utange. Walipofika uani kwa Mama Kache, mama yake Mapenzi, Baruti hakungoja kukaribishwa. Alichomoka mkononi mwa Gershom, akaingia ndani, akapita ukumbini, akazama chini ya kitanda cha mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama," Gershom alisema akiwa amesimama mbali, macho chini.

"Marahaba, baba. Na huyo aliyepita kama mshale?"

"Ndiye Baruti, mama. Ana woga kidogo."

"Kidogo?"

"Ukiwa mbali naye, ni kidogo."

Mama Kache alicheka kwa pua. "Mwache. Kitanda changu hakina kazi mchana."

Gershom hakuwa na la kufanya ila kumwacha. Kwao, mkwe huheshimiwa kwa umbali. Hakuwa amepata kuvuka kizingiti cha chumba kile hata siku paa lilipovuja, seuze kuchungulia mvunguni! Mwanamume akionekana ameinama chini ya kitanda cha mama mkwe, habari hufika Kilifi kabla yeye hajainuka.

Mama Kache hakumwita mbwa wala hakumbembeleza. Alihamishia kazi yake chumbani tu. Aliketi sakafuni akisuka makuti, akakipa kitanda mgongo, na chakula akakiweka karibu na kisigino chake. Mara ya kwanza chakula kililala. Baadaye kikaanza kuliwa wakati yuko kisimani. Kisha pua ikatokeza, kisha kichwa. Na asubuhi moja mama huyo alihisi uzito wa joto juu ya nyayo zake. Hakugeuka. Aliendelea kusuka.

Gershom alipokuja tena na nyama ya ng'ombe ndani ya jani la mgomba, alimkuta Baruti uani, amelala miguuni pa Mama Kache kama mtoto aliyeshiba. Moyo wa Gershom ukafurahi. Akasimama palepale, akarusha nyama. Iliangukia mavumbini kwa kishindo, na Baruti akatoweka ndani.

"Atakuzoea, baba," Mama Kache alisema kwa upole.

Neno hilo lilimchoma Gershom chini ya kitovu kama pilipili mbichi. Amzoee? Nani amzoee nani? Alirudi Changamwe, na usiku ule wali wa bwana ukaungua.

"Miaka yote ile!" alimlalamikia Mapenzi. "Minofu ya maofisa! Leo anauza utu wake kwa dagaa na ugali wa muhogo!"

"Mbwa ana utu?"

"Usinichokoze."

"Gershom, niambie ukweli. Unamwonea wivu mama yangu?"

"Mimi? Wivu? Wa mbwa?" alijibu kwa sauti iliyowaamsha paka wote watatu.

Lakini wivu ni kama moshi wa kuni mbichi. Mwenye nyumba ndiye wa mwisho kukiri kwamba unamtoa machozi. Kila Jumapili Gershom alikwenda Utange, na kila Jumapili aliona jambo jipya la kumuumiza. Mara Baruti anamsindikiza mama yule kisimani. Mara Baruti amebweka, yeye ambaye hajabweka tangu azaliwe, ili kufukuza nyani mihogoni, na Kahindi anasimulia kwa majirani kama kisa cha shujaa. Ikafika siku Gershom akaenda na kamba mpya ya kumbi la nazi begani.

"Nimekuja kumchukua mbwa wangu, mama. Nampeleka kwa Ngowa."

Mikono ya Mama Kache ikasimama juu ya kuti. Habari za debe na fimbo ya Ngowa alikuwa amezisikia. Mapenzi, aliyekuwa amefuatana naye, alimtazama mumewe kama anayetazama mtu asiyemjua.

"Mbwa ni wako, baba," mama alisema hatimaye. "Sikukunyang'anya. Mchukue."

Baruti alikuwa amekwisha kuiona kamba, naye yuko mvunguni. Gershom akasimama nje ya mlango, akatoa Kiingereza cha maofisa: "Kamu hia! Kwiki!"

Ndani kitu kikajisogeza mbali zaidi.

"Shemeji," Kahindi alisema, "labda ameenda kutafuta mkalimani."

"Ingia wewe umburute!"

"Haburutwi mtu nyumbani mwangu," Mama Kache alisema.

"Ni mbwa, mama."

"Naye haburutwi." Kisha akaweka kuti chini. "Kahindi, Mapenzi, kitoeni kitanda nje."

Kitanda kikatoka. Lo! Aliyekuwapo hatasahau. Kilikuja polepole kikiwa na miguu minane; minne ya mti, na minne ya Baruti aliyekataa kuachwa na paa lake, akitembea chini yake hatua kwa hatua. Majirani walijaa uani. Kitanda kikatuliwa katikati.

"Haya, baba," mama mkwe alisema. "Sasa ni mvungu wa uani. Hauna mkwe."

Gershom aliinama kidogo, kamba ameificha nyuma. Aliona mkia tu. Akachuchumaa. Akapiga goti.

"Shemeji, wanga unavunjika!" Kahindi alisema, na watu wakaangua kicheko.

Wivu ulimpanda hadi utosini. Mkono ukatangulia kutafuta mguu wa mbwa ili amvute amalize. Ndipo alipoona kamba za kitanda zikitetemeka. Baruti alikuwa akitetemesha kitanda kizima. Na kwa mara ya kwanza tangu Mkomani, Gershom akayaona macho yake kwa karibu: moja jeusi, la pili rangi ya chai ya maziwa. Miaka yote ile hakuwahi kujua. Kutoka juu, mbwa huonekana mgongo tu.

Akaitupa kamba mbali. Akalala kifudifudi, shavu likagusa vumbi, mkono akaunyoosha wazi. Majirani walingoja hadi wakachoka kucheka, wakaenda zao. Kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni, kikampita. Sisimizi akapanda sikioni, hakumfukuza. Kisha pua yenye unyevu ikagusa vidole vyake vilivyonuka vitunguu, na ulimi ukafuata. Gershom alitokwa na machozi. Kahindi, kwa heshima, husema lilikuwa vumbi.

Baruti alitoka mvunguni, akampita Gershom, akaenda kujilaza juu ya nyayo za Mama Kache. Pilipili ile ikachoma tena, palepale chini ya kitovu. Gershom akaiacha ichome. Baruti aligeuza kichwa, akamtazama, mkia wake ukapiga vumbi.

Gershom alisimama, kifua chake chekundu kwa udongo. "Mama, kamba za kitanda chako zimelegea."

"Tangu masika, baba."

Akaiokota ile kamba ya kumbi, akaketi chini, akaanza kukitanda upya kitanda cha mama mkwe wake.

"Na Ngowa?" Mapenzi aliuliza.

"Ngowa ana debe lake. Alifunze hilo."

Tangu hapo, kila Jumapili shati la Gershom lilirudi Changamwe na vumbi kifuani, na yeyote aliyemuuliza sababu alijibiwa bila haya: mtaka cha mvunguni sharti ainame.