Chesisi ya Kimirei

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, bali zamani ambayo walioiona wangali wanalikohoa vumbi lake, palikuwa na mbuga ya magadi, nyeupe ukingo hadi ukingo, isiyo na mti wa kumpa mtu kivuli wala kilima cha kumrudishia sauti yake. Katikati ya mbuga hiyo palikuwa na kitongoji cha nyumba arobaini za wakwangua magadi, na kitongoji hicho hakikuwa na maji ya kunywa. Maji yalikuwa kisimani, mwendo wa saa tatu, na yaliletwa kwa gari moja tu. Gari hilo lilikuwa Landrova kuukuu, ambalo rangi yake ya asili hakuna aliyeikumbuka. Mwenye gari alikuwa Daktari Mwaisumo, mganga wa mifugo. Dereva aliitwa Mbonea.

Mbonea alikuwa mtu wa milima ya Upare. Alikuja magadini kwa miezi mitatu, akakaa miaka kumi na tisa. Mkewe alimngoja nyumbani miaka minne, kisha akaacha kungoja, wala Mbonea hakumlaumu. Ndugu zake walimwandikia barua, kisha nazo zikakoma. Basi alipoamka asubuhi, wa kwanza kumsalimu lilikuwa gari. "Umeamkaje, mwenzangu?" husema, huku akiligonga boneti kwa kiganja. Gari likikohoa mara mbili na kuwaka, yeye hulihesabu kuwa limeitikia.

Magadi hayana huruma na chuma. Tope lake huruka chini ya gari, hunata, hukauka, na chini ya ganda lile jeupe kutu huanza kazi. Mbonea alilijua hilo. Jioni akirudi kisimani, kabla hajala, alilala chali chini ya gari, akapangusa, akapaka oili chafu. Mvua ikinyesha, akapangusa, akapaka. Homa ikimshika, akapangusa kwa mkono mmoja, akapaka. Kitongoji kizima kilimcheka.

"Mzee Mbonea," wanawake wa foleni ya maji walimwambia, "lau ungempaka mkeo mafuta namna hiyo, angekukimbia?"

"Mke wangu hakuwa na kutu," hujibu, akacheka nao, kisha akarudi chini ya gari ambako hapakuwa na wa kucheka naye.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana alilitenda kwa mapenzi. Chesisi, yale mapande mawili marefu ya chuma yaliyolala chini ya gari na kubeba kila kitu, ndani yake ni matupu kama mwanzi, na upande wa chini yana vitundu vidogo. Mbonea aliviona vitundu vile, akasema moyoni: humu ndimo adui anamoingilia. Akatafuta nta ya nyuki, akaiyeyusha, akaviziba kimoja kimoja, akavipapasa kwa kidole kama mtu azibaye masikio ya mtoto asisikie radi. Hakujua kwamba vitundu vile havikuwekwa vya kuingizia, bali vya kutolea. Tope la magadi likaingia kwa juu, penye nyufa na maungio, likakosa pa kutokea. Nje chuma kiling'aa kwa oili. Ndani kilikuwa kinaliwa.

Ufa wa kwanza ulipotokea, alikwenda kwa fundi Nanyaro, mchomeleaji, aliyeishi peke yake ukingoni mwa mbuga katika karakana aliyoijenga kwa vyuma alivyookota mwenyewe. Nanyaro akachomelea kiraka. Miezi minane baadaye ukaja ufa wa pili, akachomelea kiraka juu ya kiraka. Na kila mara Mbonea alishinda pale kutwa nzima, wakinywa chai ya rangi, wakizungumza habari za milima ambayo mmoja aliikumbuka na mwingine hakuwahi kuiona.

Ikafika siku, gari likiwa na mapipa manane ya maji, katikati ya mbuga, chesisi ikakatika. Hakukuwa na kishindo. Kulikuwa na mlio kama wa ukuni mkavu, kisha gari likapinda mgongo, milango ikakwama, maji yakamwagika na kunywewa na ardhi isiyohitaji maji. Mbonea akatokea dirishani. Akakaa kando ya gari hadi jua likageuka, kisha akaanza kutembea. Njia nzima hakuacha kugeuka nyuma.

Nanyaro alipolitazama, alitikisa kichwa. "Mzee, hapa hakuna pa kushikia. Nikichomelea leo, kesho kitakatika kando yake. Gari linataka chesisi nyingine, na magadini kote chesisi nzima ni moja tu."

Mbonea aliijua. Ilikuwa chini ya gari la aina ile ile la marehemu Kimirei, dereva mwenzake wa zamani, lililoegeshwa juu ya mawe bandani kwa mjane wake, Bi Namnyaki. Kimirei alifia kwenye usukani ule kwa ugonjwa wa moyo. Bi Namnyaki hakujaliwa mtoto. Kila alasiri aliingia garini, akakaa kiti cha abiria, akamsimulia mumewe habari za siku ile, kisha akashuka na kufunga mlango taratibu.

Mbonea akaenda, akavua kofia. "Shemeji, nimekuja na ombi zito."

"Najua ulichokuja nacho, shemeji. Jibu ni hapana."

"Watu wanakunywa maji yanayobebwa na punda, dumu moja nyumba mbili."

"Na mimi nitakaa wapi alasiri? Niambie. Jiweni?"

Mbonea akavaa kofia yake akaondoka. Akaja mara ya pili, akajibiwa hivyo hivyo. Siku ya ishirini Bi Namnyaki alikuja mwenyewe mpaka karakanani, akasimama mlangoni bila kukaribia. "Chukueni," akasema. "Watu wanywe."

Lakini walipoifungua chesisi ile wakakuta nusu yake ya mbele ni nzima, na nusu ya nyuma, iliyokuwa ikinyeshewa pale banda lilipovuja, imekuwa unga. Mbonea akakaa chini. Nanyaro akatazama juu, akayatazama maboriti yaliyobeba paa la karakana yake, maboriti ya chuma aliyoyatafuta miaka sita. Alileta ngazi, akapanda, akaanza kukata. Kwa siku kumi na moja wakaliinua bodi kwa minyororo, wakaunga mbele ya Kimirei na nyuma ya Nanyaro, wakarudisha injini ya Mbonea mahali pake. Tangu siku hiyo fundi alifanya kazi chini ya turubai, na upepo ukivuma alilishika kwa mkono mmoja, akachomelea kwa mkono wa pili.

Gari likaamka. Kwa miaka minne likabeba maji, wala halikupasuka tena.

Kisha bomba likafika. Serikali ilivuta maji kutoka nyanda za juu, ikasimamisha koki katikati ya kitongoji, na msimamizi wa koki akawa Nakijwa, mwanamke mwenye ulimi mwepesi. Watu walipiga vigelegele siku tatu. Mbonea naye alipiga makofi. Siku ya nne aliamka, akaligonga boneti, likawaka, na hakukuwa na pa kwenda. Akaliacha lingurume kidogo, akalizima.

Daktari Mwaisumo, ambaye macho yalikuwa yanamfifia, akaamua kurudi kwao. Alimwachia Nakijwa ufunguo wa gari na karatasi yenye mstari mmoja. Nakijwa aliusoma mbele ya watu, madumu yao yakiwa yamepangwa kokini: "Gari hili nampa yule ambaye bila yeye lisingekuwepo."

Watu wakatazamana. Watu watatu wakasimama.

Wa kwanza Mbonea. "Mimi si msemaji," alisema. "Miaka kumi na tisa nimelala chini yake zaidi kuliko nilivyolala kitandani. Injini hii nimeifungua mara saba kwa mikono hii, na mara saba nimeifunga. Kila skrubu naijua kwa kidole, hata macho yakiwa yamefumbwa. Nikienda Upare leo, hakuna atakayenikumbuka hata jina. Hapa nilikuwa dereva wa maji. Maji yamejileta yenyewe. Mkinipa gari, nina wa kumwamkia. Msiponipa..." Akawa anaipindapinda kofia yake.

Watu wakasema, "Kweli. Basi ni lake."

Wa pili Nanyaro. "Kazi yangu yote huondoka," alisema. "Naunga geti, geti linaondoka. Naunga jembe, jembe linaondoka, na mwenyewe haagi. Kitu kimoja tu nilikiunga kikakaa, nacho ni hiki. Nusu ya nyuma ni paa langu. Nimekaa miaka minne nikinyeshewa ili ninyi mnywe. Sasa nahama, naenda mjini kuanza upya, sina boriti, sina karakana. Nikilisimamisha gari hili mbele ya mlango, atakayepita atajua huyu ni fundi."

Watu wakasema, "Kweli. Basi ni lake."

"Ninyi ni vinyonga!" Nakijwa akadakia. "Wa tatu hajafungua kinywa, mmeshagawa gari mara mbili." Watu wakacheka.

Wa tatu Bi Namnyaki. Yeye hakuinua sauti. "Nilisema nini siku ile mlangoni? Nilisema, chukueni, watu wanywe. Watu wamekunywa miaka minne. Sasa wanakunywa hapa kwenye koki. Kiu iliyonifanya nitoe imekwisha, kilichonifanya nihuzunike hakijaisha. Namba iliyochongwa kwenye chuma cha mbele ni namba ya gari la mume wangu. Kaka yangu ananiita nikaishi kwake milimani, na sina kitu cha Kimirei cha kwenda nacho. Tangu mlikate gari lile, alasiri zangu sijui nizipeleke wapi."

Watu wakasema, na safari hii kwa sauti ya chini, "Kweli. Basi ni lake."

"Likateni vipande vitatu," mmoja akatania kutoka nyuma.

"Likikatwa tena," alijibu Nanyaro, "hata mimi siliungi."

"Basi mlipokezane kwa zamu."

"Mmoja milimani, mmoja mjini, mmoja magadini," Nakijwa akasema. "Zamu ya nani itaanzia wapi?"

Hapo Bi Namnyaki akamgeukia Mbonea. "Shemeji, unasema umelitunza. Lakini chesisi ya kwanza aliiua nani? Si wewe uliyeziba vitundu kwa nta? Fundi aliikuta ndani yake siku mlipoitupa. Mimi nilikuwepo."

Mbonea alihisi uso ukimwaka. Alikuwa akilijua jambo hilo kwa miaka minne, na hakuwahi kulisikia likisemwa kwa sauti. Angeweza kumkumbusha siku ishirini za maji ya punda. Hakumkumbusha. "Ni kweli," alisema. "Nilidhani namkinga."

"Mama, usimwonee peke yake," akasema Nanyaro, macho yakiwa ardhini. "Mimi niliiona ile nta tangu kiraka cha kwanza. Ningeitoa kwa msumari mmoja. Nikanyamaza."

Mbonea akamgeukia. "Uliiona?"

"Niliiona, mzee."

"Kwa nini hukuniambia, bwana?"

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Wengine huacha vyuma vyao wakaenda zao, wakarudi jioni. Wewe ulikuwa unakaa. Nilisema, gari likipona kabisa, huyu hatakuja tena."

Koki ilikuwa ikidondoka. Mbonea alimtazama fundi kwa muda mrefu, akaitafuta hasira pale alipozoea kuikuta, asiione. Alizikumbuka zile chai. Akakumbuka kwamba yeye pia, mara moja au mbili, alikwenda karakanani kwa ufa ambao ungeweza kungoja.

Nakijwa akafungua fundo la kanga, akautoa ufunguo, akaunyoosha mkono. "Mimi nilipewa niusimamie tu, sikupewa hekima," akasema. "Ninyi mlioyanywa yale maji, semeni."

Nami nawarudishia ninyi mlioketi hapa. Yupo aliyelitolea gari miaka yake, na mapenzi yake yakalivunja mgongo. Yupo aliyeling'olea paa lake, na ukimya wake ndio uliolifikisha huko. Yupo aliyelitolea mahali pake pa kuzungumzia na marehemu, na hajui kama alitoa au aliazimisha. Mmoja ataondoka na gari, wawili watarudi kwa miguu, kila mtu njia yake, na hata yule atakayeondoka nalo, kiti cha pembeni yake kitakuwa kitupu.

Mkono wa Nakijwa ungali umenyooshwa, na ufunguo ni mmoja. Je, mngesema aupokee nani?