Uchochoro wa Sikudhani

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya juzijuzi, simu zikiwa zimeshafika kila nyumba, mto ulikuwa ukikivamia kijiji cha Kwamgogo kila masika. Vijana watatu wa kijiji, mafundi wa programu, wakaamua kuunda king'ora cha kwenye simu. Wakakigawa vipande vitatu.

Mhando akaunda sikio, la kupokea vipimo vya mto na jumbe za watu. Semboja akaunda foleni, ya kuzipanga jumbe zisipotee. Sikudhani akaunda mdomo, wa kuwatangazia watu. Sheria ilikuwa moja: kila neno lipite kwenye foleni.

Sikudhani hakuipenda. "Na foleni ikiziba, kaka Semboja?"

"Foleni yangu haizibi, dada."

Basi Sikudhani akatoboa uchochoro wa siri, kutoka sikioni moja kwa moja hadi mdomoni, wa kupitisha neno moja tu: kimbieni.

Siku ya gulio mto ukafurika. Jumbe zikamiminika, foleni ikaziba. Uchochoro ukapitisha lile neno. Simu zikalia gulioni, watu wakakimbilia mlimani. Foleni ilipozibuka, haikuwa imepoteza ujumbe hata mmoja. Kwa mpangilio wake waokoaji wakawafuata waliokwama juu ya mapaa, nyumba kwa nyumba.

Mwenyekiti wa kijiji, Bi Mwanahawa, akawaita wale mafundi watatu. "Ufunguo wa kubadili programu hii ataushika mmoja. Semeni."

"Nipeni mimi," alisema Semboja. "Wa mapaani wameokolewa na foleni yangu. Nami leo hii nauziba huo uchochoro. Kesho kila mtu atatoboa wake, tubaki na matundu matupu."

Mhando akacheka. "Bila sikio mngetangaza nini? Tena uchochoro unaanzia kwangu. Niliuona kitambo, nikauacha."

"Ukanificha?"

"Ungeuziba, bwana!"

Macho yakamgeukia Sikudhani. Hakuinamisha kichwa.

"Sheria nimeivunja, na radhi siombi. Mama yangu alikuwa gulioni. Nipeni ufunguo, msinipe, shauri yenu. Mkiuziba, natoboa tena."

"Binti, unanitisha mbele za watu?" akauliza mwenyekiti.

"Sikutishi, mama. Safari hii natoboa kwa kuaga, si kwa siri."

Bi Mwanahawa akabaki na ufunguo mkononi, na huko mlimani mawingu yameanza kujikusanya upya. Haya, nyie mnaonisikiliza, na mama zenu wako gulioni: ufunguo mngempa nani?