Kata ya Kwanza ya Mkengeni

Ilikuwa tarehe tisa Oktoba, saa nne asubuhi, maji yalipotoka bombani kijijini Mkengeni, na vigelegele vikawakurupusha mbuzi. Bi Zamoyoni, mjane na mwenyekiti wa kamati ya maji, alishika kata mpya ya kuchotea maji. Kwao, kata ya kwanza ya maji mapya hupewa aliyeyaleta, na kisima huitwa kwa jina lake daima. Akikosea, wajukuu watalitaja kosa lake kila wakienda kuchota.

Na walioyaleta walikuwa watatu, wajumbe wa nchi tatu za mbali.

Nchi ya kwanza ilichimba kisima, ng'ambo ya mlima. Bila kisima, pampu ingevuta nini? Ya pili ilileta pampu. Bila pampu, maji yangebaki huko chini gizani. Ya tatu ilitandaza mabomba. Bila mabomba, wangekunywa nyani tu.

"Wageni wangu," aliuliza Bi Zamoyoni, "wenye kiu duniani ni wengi. Kwa nini mlituchagua sisi?"

Mjumbe wa kwanza hakuficha. "Mama, mlima wenu una madini, nasi tunayataka. Maadamu madini yapo, tupo, na kisima tutakitunza."

Wa pili, dada mpole, alifuta macho. "Watu wetu waliona picha za watoto wenu wakichota tope. Walilia, wakachanga, hawakutaka kitu." Akainamisha kichwa. "Ila sasa wanawalilia wengine. Pampu ikiharibika, sijui."

Wa tatu alikohoa. "Babu zetu waliwatawala babu zenu. Walibeba pamba, hawakuacha hata tone la maji. Tunaona haya. Tumekuja kulipa."

"Mmechelewa, lakini karibuni!" alidakia Mrisho, shemeji yake Bi Zamoyoni. Watu wakaangua kicheko. "Shemeji, amua basi, tusije tukafa na kiu mbele ya maji!"

"Nyamaza, Mrisho, nisije nikakupa wewe, kikaitwa Kisima cha Mropokaji!"

Kata ikajaa. Mikono mitatu ikanyooshwa. Bi Zamoyoni akamtazama mwenye haja, akamtazama mwenye huruma, akamtazama mwenye deni. Maji yalikuwa yale yale, angavu na baridi.

Je, wewe unayesikiliza, kata ungeiweka mkononi mwa nani?

Na unapowaza, tumwombee marehemu mumewe, Mzee Ijingo, aliyeyaomba maji haya kila baada ya swala na hakuwahi kuyaonja. Mola amsamehe, amnyweshe maji ya Kauthar, mto wa peponi. Amina.